Muhula wa Mshale Ulioshuka

Jumatatu, 2 Machi

Haya, nimerudi! Nina miaka arobaini na miwili, nimevaa koti jeupe lenye jina la mtu mwingine mfukoni, na sijali hata kidogo. Miaka kumi na minne iliyopita niliiacha shahada hii katikati nikiwa mjamzito, nikaenda kufundisha kemia sekondari. Chuo kimekubali kunisajili upya mara moja tu. Jopo linakaa tarehe 22 Mei. Siku hiyo nikitetea kazi yangu, shahada ni yangu. Nisipotetea, jina linafutwa na hakuna tena kubembelezana. Mwalimu mkuu wangu naye kanipa likizo ya muhula mmoja, hazidishi hata siku.

Mvua ilianza asubuhi nikiwa getini. Nimeingia maabara nikichuruzika maji, na watu wote humo wameamua kuniita Mwalimu. Sawa tu.

Alhamisi, 5 Machi

Profesa ni mwanamke mfupi, miwani kwenye kamba, haongei neno la ziada. Leo kaniweka kitako. "Esta watu wanaitengeneza kila siku," alisema. "Gesi ya etheni, gesi ya kaboni monoksidi, methanoli, na paladiamu kidogo kama kichocheo. Mimi sitaki esta. Nataka unieleze paladiamu inafanya nini humo ndani, hatua kwa hatua. Na usinieleze kwa mdomo, nataka ushahidi."

Etheni ndiyo olefini ndogo kuliko zote, kaboni mbili tu zimeshikana mara mbili, nimeifundisha darasani miaka yote. Lakini nani aliwahi kuniuliza inakutanaje na kaboni monoksidi, gesi inayoua watu kimya kimya, mpaka zikatoka pamoja kama esta, kimiminika kinachonukia matunda? Miligramu chache tu za metali ya bei mbaya zinazikutanisha, na zenyewe hazipungui!

Jumatatu, 9 Machi

Nimekutana na mwenye chumba cha gesi. Kila mtu anamwita Fundi. Anakaribia kustaafu, mikono mikubwa, anaongea polepole kana kwamba kila neno lina bolti yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Huku ndani hakuna anayeingia peke yake, hata Profesa. Hii kengele ndogo ya kunusa gesi unaivaa kifuani. Ikilia, unaacha kila kitu, unatoka. Hutafuti simu, hutafuti mkoba. Umenielewa?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu, hizo sentensi ndizo zangu. Hakucheka.

Mtungi wenyewe ni wa chuma, ujazo wa lita moja, uzito wake unapita mtoto wa mwaka mmoja. Kifuniko kinashikwa na bolti sita, na katikati kuna gasketi, pete nyeupe ya plastiki ngumu. Fundi anakaza bolti kwa mtindo wake: moja, kisha ya mkabala wake, anarudia mara tatu, spana hamruhusu mtu mwingine kuigusa. Ameshughulika na gesi hii miaka ishirini na sita, na haijawahi kumtoka.

Ijumaa, 13 Machi

IMEFANYA KAZI! Presha ya gesi bar hamsini, joto digrii tisini, kwa muda wa saa nne. Mtungi ulipopoa, mshale wa kipimo cha presha ulikuwa umeshuka taratibu hadi thelathini na tisa. Tukapuliza naitrojeni mara tatu kufukuza gesi mbaya, tukafungua ndani ya kabati la kuvuta hewa. Harufu ya matunda yaliyoiva ikajaa! Esta! Nilimkumbatia Fundi kabla sijafikiri. Akasimama kama mlingoti, kisha akasema, "Hongera, lakini usinikanyage."

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Esta tena. Nimeanza kuringa.

Jumanne, 17 Machi

Binti yangu, kidato cha pili, mbishi kama baba yake, kaniuliza mezani nafanya nini huko hasa. Nikapanga vikombe. "Paladiamu ina viti vinne, kila upande mmoja. Kwenye kiti kimoja kakaa haidrojeni. Etheni inakuja, inakaa kiti cha jirani, kisha inajipenyeza kati ya paladiamu na ile haidrojeni. Sasa ni mnyororo mfupi. Inakuja kaboni monoksidi, nayo inajipenyeza palepale. Mnyororo umerefuka. Halafu methanoli anakuja na mkasi, anakata. Kipande kilichokatwa ndicho esta. Paladiamu inabaki na haidrojeni nyingine kutoka kwa methanoli, inaanza upya."

"Kwa hiyo paladiamu haifanyi chochote, inakaribisha wageni tu."

"Inawakaribisha mara elfu kadhaa, mwanangu, bila kuchoka."

"Na viti vingine viwili?"

"Hivyo vimekaliwa na fosfini. Hao ni walinzi, wanaishikilia isijikusanye ikawa masizi meusi."

Jambo dogo: chupa ya fosfini niliyokuwa naitumia imeisha leo. Kwenye rafu nimekuta nyingine, ya aina yenye mikono miwili, yaani molekuli moja inaishika paladiamu sehemu mbili. Si ndiyo itashika vizuri zaidi? Nimeandika kwenye daftari la kazi na kuendelea.

Jumanne, 24 Machi

Leo nimepiga kelele hadi nimejionea haya. Mshale ulishuka mbele ya macho yangu! Hamsini, arobaini, thelathini... mtungi ulipopoa ulisimama kwenye kumi na tisa. Gesi imelika kuliko siku zote. Nikasema leo esta itafurika.

Tumefungua. Hakuna harufu. Ndani kuna uji mweupe, kama nyuzi na unga vimechanganyika. Juu ya mashine ya kuchambua pamebandikwa karatasi kubwa: CHUJA KWANZA, maana chembe moja ikiingia kwenye ule mrija mwembamba mashine inakufa. Nami nikachuja kama mtu mzima, nikatupa mabaki, nikapima maji yake. Esta: hakuna. Bure kabisa!

Ijumaa, 27 Machi

Vilevile. Mshale chini, esta sifuri.

Jumanne, 31 Machi

Vilevile. Mvua haijakata siku tano, viatu vyangu havikauki, na mimi mwenyewe nimeanza kuota ukungu. Kama gesi imeondoka na esta haipo, gesi imekwenda wapi? Jibu liko moja tu. Inavuja.

Jumatano, 8 Aprili

Nimegombana na Fundi. Acha niandike kila kitu, maana hasira bado zimenipanda.

Asubuhi nilimwambia kwa adabu zote, "Fundi, naona mtungi unavuja." Akachukua povu la sabuni na brashi, akapaka kila kiungo, kila vali, kila bolti. Tukachutama kama watoto wanaotafuta shilingi. Hakuna hata kipovu kimoja.

"Hauvuji," alisema.

"Labda unavuja ukiwa wa moto."

"Kengele iko kifuani kwako. Imelia?"

"Labda imekufa."

Akaivua shingoni mwangu, akaipulizia gesi ya majaribio kutoka kwenye kichupa. Ililia hadi masikio yakaniziba. Akanirudishia.

Nikatoa turufu yangu. "Basi niambie huu unga mweupe ninaouchuja kila siku ni nini? Gasketi yako ni nyeupe. Inachubuka, inaanguka ndani, na pale inapochubuka ndipo gesi inapopita."

Aliinua ile pete, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaipitisha kucha mzunguko mzima. "Mwalimu, pete hii haina hata mkwaruzo. Ni nzima."

"Kwa macho ya Fundi."

Nilisema hivyo kweli. Alinitazama kidogo, akaiweka pete kwenye kitambaa chake, akaenda kunawa mikono.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeandika taarifa rasmi kwa Profesa. Kurasa mbili. "Kupungua kwa presha bila zao lolote, pamoja na mabaki meupe yanayoelekea kuwa ya gasketi, kunaonesha kuwa viungo havifungwi ipasavyo." Nimetia saini. Zimebaki wiki tano na siku nne, siwezi kuendelea kubembeleza bolti za mtu.

Jumanne, 14 Aprili

Profesa kafunga chumba cha gesi. Kaboni monoksidi hawachezi nayo. Fundi kapelekwa stoo ya vioo akahesabu mirija mpaka uchunguzi ukamilike. Alipita mezani kwangu amebeba spana zake ndani ya boksi. "Siku njema, Mwalimu," alisema. Sikujua niangalie wapi.

Nilitaka mtungi utengenezwe. Chumba chote kufungwa, hilo sikulitaka, na yeye kuondolewa pia sikulitaka. Ila ndivyo nilivyoandika.

Jumatatu, 20 Aprili

Hakuna chumba, hakuna kazi. Nasoma makala. Mvua.

Alhamisi, 23 Aprili

Vilevile. Binti kauliza, "Mama, ukishindwa utalia?" Nikamwambia akaoshe vyombo.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimelowa chepechepe na ninaandika haraka, kabla wazo halijapoa!

Leo nilikwenda kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni mwokaji. Anapima kila kitu kwenye mizani ya umeme inayosoma hadi gramu moja. Nilimkuta anamgombeza msaidizi wake. "Donge gramu mia tano, mkate mia nne arobaini! Hizi sitini zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Ah, shemeji nawe! Maji yametoka kama mvuke. Kawaida ni arobaini na tano, huyu kauacha mkate ukakauka."

"Na kama ungeliziba tanuri pasitoke hata pumzi?"

Akanitazama kama nimepungukiwa. "Tanuri na vilivyomo vingebaki uzito uleule. Si hakuna kilichotoka?"

Nikasimama pale kama niliyepigwa na umeme. Wiki nne natazama mshale! Mshale unasema gesi imepungua, basi. Hausemi imekwenda wapi. Gesi ikivuja, mtungi unakuwa mwepesi. Gesi ikiliwa humohumo ndani ikawa kitu kingine, mshale utashuka lakini uzito utabaki palepale! Darasani nafundisha kila mwaka kwamba maada haipotei, naandika ubaoni kwa chaki ya rangi, na mwenyewe sikupima!

Nilipiga hesabu kwenye mfuko wa unga. Gesi tunayoingiza ni kama gramu thelathini na tano. Inayopotea ni kama ishirini na moja. Mizani ya gramu moja inatosha kabisa!

"Shemeji, niazime mizani."

"Mizani yangu? Mizani hii haitoki hapa bila mimi."

"Basi mtakuja wote wawili."

Nimetoka mbio mvuani, mikate niliyotumwa nimeiacha kaunta.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimemweleza Profesa. Alichezea kamba ya miwani. "Jaribio moja," alisema hatimaye. "Moja, Mwalimu. Na mwenye cheti cha presha ni Fundi peke yake. Ukamwombe mwenyewe."

Jumanne, 28 Aprili

Nimepiga moyo konde nikashuka stoo. Alikuwa amepanga chupa zote kwa ukubwa, midomo imeelekea upande mmoja. Nikamsalimia, akaitikia. Nikaanza kueleza mizani, uzito, gesi, huku naongea kasi kama redio mbovu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwalimu. Ile taarifa uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Ulipoandika 'havifungwi ipasavyo', ulikuwa umeniona nafunga?"

"Nilikuona. Kila siku."

"Basi." Akaokota chupa, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Nikamwambia nisamehe, Fundi. Nikamwambia pia ukweli mchungu, kwamba bado sijui nani amekosea, labda ni yeye, labda ni mimi, ila sikupaswa kuandika kabla ya kupima. Nilikuwa naogopa muhula utaniishia, nikatafuta pa kutupia lawama. Machozi yalinilenga. Nilichukia.

Akafikiri. "Nitakuja. Lakini nakuja kwa ajili ya mtungi, sijaja kwa ajili yako."

Nimekubali. Ningekubali hata zaidi ya hapo.

Jumanne, 5 Mei

Siku hii nitaieleza polepole.

Saa mbili shemeji kafika na mizani imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Tukampa miwani ya maabara na kengele ya kifuani. "Ikilia?" akauliza. "Unatoka," akajibu Fundi. "Na mizani?" "Unaiacha." Shemeji akaguna, hakukubali wala kukataa.

Fundi alifunga mtungi. Methanoli, paladiamu miligramu ishirini na mbili, fosfini ya mikono miwili, tone la asidi. Bolti moja, ya mkabala, mara tatu. Nilimtazama safari hii kwa macho mengine. Hakuruka hatua hata moja, na kila alipomaliza bolti aligusa ile iliyotangulia, kuhakikisha haijalegea kwa sababu ya mwenzake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote, na mimi nilikuwa nimesimama palepale nikiangalia saa.

Akaingiza etheni, kisha kaboni monoksidi, huku kikoroga kinazunguka mpaka mshale ukatulia: hamsini. Akafunga vali, akachomoa mirija yote. Wanaume wawili wakaunyanyua mtungi, wakauweka kwenye mizani. Shemeji akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi: "Kilo kumi na tatu na gramu mia mbili sitini na nne!"

Profesa akaandika mwenyewe. 13,264.

Kisha tukaupasha moto. Muda wa saa nne. Mvua inapiga bati juu yetu, shemeji anamweleza Fundi habari za hamira, Fundi anaitikia "enhe" bila kuondoa macho kwenye mshale. Ukaanza kushuka, kasi ileile ya siku zile. Nilikuwa nakula kucha. Tukaacha upoe. Kumi na tisa.

"Sasa," alisema Profesa.

Wakaunyanyua tena. Shemeji alifuta kioo cha mizani kwa mkono wa shati. Namba zikacheza, zikacheza, zikatulia. Hakuzitangaza. Akanitazama mimi, kisha akamtazama Fundi.

"Soma basi!" nilipiga kelele.

"Kilo kumi na tatu, mia mbili sitini na nne."

Hata gramu moja! Haijatoka hata gramu moja! Nikaanza kurukaruka, Profesa mwenyewe akasema "Ehee!" kwa sauti sijawahi kuisikia, na Fundi... Fundi alikaa kwenye kiti. Aliweka mikono yote miwili magotini, akashusha pumzi ndefu. Sisi tulikuwa tunashangilia sayansi, yeye alikuwa amerudishiwa jina lake.

Halafu sote tukakumbuka swali kwa pamoja. Kama gesi haikutoka, basi iko humo ndani. Imekuwa nini?

Naitrojeni mara tatu. Kabati la kuvuta hewa. Bolti sita. Kifuniko.

Uji mweupe.

Nilikuwa tayari nimeshaweka chujio. Mkono wangu ulikuwa unaelekea kumimina, kuchukua maji na kutupa unga, kama nilivyofanya mara zote. Fundi akasema taratibu, bila kejeli, "Mwalimu, gasketi yangu ina gramu tisa. Hicho hapo ni kingi kuliko gasketi mbili."

Nikaganda. Nikatazama chujio. Ni huu! Zao ni huu unga! Wiki zote nimekuwa nikiuchuja, nikiutupa pipani, nikipima maji machafu na kulia kwamba sipati kitu! Nimeitii ile karatasi ya CHUJA KWANZA mpaka nikatupa kila nilichokuja kukitafuta.

Nimecheka mpaka nikakaa sakafuni. Shemeji kadhani nimevuta gesi.

Jumatano, 6 Mei

Unga umekauka. Gramu ishirini na moja. Ni gesi ileile iliyokuwa "ikipotea", gramu kwa gramu!

Profesa kaniuliza, "Fosfini gani?" Nikamwambia. Akavua miwani. "Ulibadilisha chupa na hukuniambia?" Nikasema niliandika daftarini. "Daftari halina mdomo, Mwalimu." Hapo nikapata kipigo cha maneno cha nusu saa, cha haki kabisa. Kisha akafungua kabati, akanitolea vitabu vitatu. Jambo hili wengine walilikuta zamani sana, tena linajulikana. "Hujagundua kitu kipya," alisema. "Lakini kwenye daftari lako una mwenendo wa aina zote mbili, kwa mtungi mmoja, gesi ileile, paladiamu ileile. Kilichobadilika ni fosfini peke yake. Nilikuuliza paladiamu inafanya nini. Nenda kaniambie."

Ijumaa, 8 Mei

Nimeelewa. Nimeelewa! Vikombe viko mezani na binti yangu ndiye shahidi.

Viti vinne. Fosfini ya mkono mmoja inakuja mbili, na hizo, wageni wawili wa kwanza wakishajipenyeza, hupenda kuhamia mkabala, moja mashariki, moja magharibi. Basi mnyororo unabaki kaskazini na kiti kitupu kiko kusini, ng'ambo ya paladiamu. Etheni nyingine ikikaa pale haifikii mnyororo, kwa hiyo mnyororo unasubiri. Ukisubiri, methanoli anafika na mkasi wake. Kata! Esta.

Fosfini ya mikono miwili haiwezi kukaa mkabala, mikono yake mifupi. Inashika viti viwili vya jirani. Basi mnyororo na kiti kitupu vinalazimika kuwa jirani pia. Mgeni akikaa tu, yuko ubavuni mwa mnyororo, anajipenyeza. Anayefuata naye anajipenyeza. Methanoli anakuja na mkasi, lakini amechelewa, wenzake wana kasi kuliko yeye.

"Na kwa nini wasiingie ovyo ovyo?" kauliza binti.

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa muhula huu! Kaboni monoksidi inaing'ang'ania paladiamu kuliko etheni, kwa hiyo baada ya etheni karibu kila mara ndiyo inayowahi kiti. Lakini kaboni monoksidi haikubali kujipenyeza nyuma ya mwenzake, inabidi ingoje etheni ipite. Etheni, kaboni monoksidi, etheni, kaboni monoksidi, zamu kwa zamu hadi mnyororo unakuwa mrefu mno, hauyeyuki tena kwenye methanoli, unaanguka chini. Unga mweupe! Polima!

"Kwa hiyo kilichobadilisha kila kitu ni nani amekaa wapi," alisema binti.

Nimemruhusu asioshe vyombo.

Jumatatu, 11 Mei

Naandika tasnifu. Kurasa kumi na saba leo.

Jumatano, 13 Mei

Naandika. Jua limetoka saa nzima. Viatu vimekauka.

Alhamisi, 21 Mei

Taarifa yangu ya Aprili bado iko kwenye faili. Profesa anasema hawezi kuichana, karatasi yenye saini haichanwi. Chumba kinaweza kufunguliwa, lakini Fundi hawezi kurudi mpaka jopo lenyewe lilione sahihisho langu. Anastaafu mwishoni mwa mwaka. Hatastaafia stoo kwa sababu yangu.

Ijumaa, 22 Mei

Wanajopo watatu, meza ndefu, jagi la maji. Nilichora viti vinne ubaoni na woga wote ukaniisha, nikawa mwalimu niliye. Nilieleza mkono mmoja na mikono miwili, nikawaonesha esta kwenye chupa na unga kwenye sahani, nikawaonesha zile namba mbili za mizani zinazofanana. Niliona mmoja anachora viti vyake mwenyewe pembeni ya karatasi, nikajua nimempata.

Kisha mwenyekiti akafungua faili. "Hapa kuna taarifa yenye saini yako. Inasema mtungi ulivuja kwa uzembe wa fundi. Na leo unatuambia haukuvuja. Tushike lipi?"

Ningeweza kusema ilikuwa dhana ya awali, hali halisi ikabadilika, maneno hayo mazuri mazuri. Nikasimama wima.

"Shikeni la leo. Lile la kwanza si kweli, na aliyeliandika ni mimi. Zao lilikuwa mikononi mwangu, nikalitupa, kisha nikaandika kwamba ni gasketi yake. Alinionesha povu, alinionesha kengele, alinionesha pete yenyewe, na sikumsikiliza, kwa sababu niliogopa kushindwa. Sahihisho langu ni ukurasa wa mwisho wa tasnifu. Naomba liingie kwenye faili hilohilo, juu ya lile."

Mwenyekiti alisoma ukurasa ule wote. Wakanitoa nje. Dakika ishirini kwenye benchi, sijawahi kuona ishirini ndefu namna ile.

Nimepita! NIMEPITA! Nimempigia binti, kapiga yowe, nami nikapiga yowe, mlinzi kaja mbio kuuliza nani amefiwa.

Jumatatu, 25 Mei

Nimekwenda kuaga kabla ya kurudi shuleni. Chumba cha gesi kiko wazi, spana zimerudi ukutani, na Fundi anatayarisha mtungi kwa mwanafunzi mwingine. Nikampa nakala ya sahihisho, yenye mihuri yote. Akanawa mikono, akaikausha, akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama, midomo ikifuata maneno. Akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Umeandika hapa," alisema, "'Viungo vyote vilifungwa ipasavyo, na hakuna gesi iliyotoka.'"

"Ndivyo ilivyokuwa, Fundi."

"Miaka ishirini na sita, Mwalimu." Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa shati, akaufunga na kifungo. "Haikutoka hata siku moja, na hakuna aliyewahi kuliandika hilo."